Kisa cha Stagg: kocha aliyepewa kiti cha profesa

Mtu akikuambia kuna kocha alidumu na timu moja misimu 41 utasema anakutania. Sisi tumezoea kocha anatua uwanja wa ndege na shada la maua shingoni, anapoteza mechi tatu, ya nne anasoma kwenye simu kwamba wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Sasa kuna mzee mmoja wa Marekani, Amos Alonzo Stagg, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892 na msimu wake wa mwisho pale ukawa 1932, na hata hapo hakuondoka kwa kupenda, alitolewa akiwa na miaka 70, akaenda zake kufundisha kwingine karibu miaka mingine 25. Mchezo wenyewe ni ile futiboli ya kwao ya kubeba mpira mkononi na kugongana, ambayo wengi wetu tunaijua kwa muvi tu, lakini huhitaji kuujua mchezo ili uelewe hiki kisa. Watu wakimzungumzia Stagg wanakimbilia vitu alivyobuni. Mimi naona kitu kikubwa kwenye maisha yake ni barua ya ajira. Ndo iliyomlinda, ndo iliyomfanya asisikie la mtu, na utaratibu uleule wa ajira ndo uliokuja kumtoa.

Tuanze alikotoka. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 West Orange, New Jersey, baba yake fundi viatu, watoto wengi, hela hamna. Shule alisoma kwa kuungaunga ndo maana anaingia chuo cha Yale tayari ana miaka 22, na maisha ya usomi wake yalikua ya kulala chumba cha darini kisicho na moto kwenye baridi ya kule, anakula mikate mikavu na maziwa ili ada itoshe. Ndoto yake ilikua uchungaji. Alienda Yale kusomea mambo ya Mungu, michezo ikamkuta hukohuko njiani.

Kwenye besiboli alikua mrushaji wa kutegemewa, yaani yeye akishika mpira Harvard na Princeton wanajua leo kazi ipo. Klabu za kulipwa zikamfuata, New York ikiwemo, na kwa kijana aliyekua anashindia mkate mkavu ungetegemea atakimbia kusaini. Akakataa. Sababu yake ilikua kwamba besiboli ya kulipwa enzi hizo ilikua imezungukwa na pombe na kamari, na yeye ni mtu wa kanisa. Halafu kwenye futiboli, pamoja na kimwili chake kidogo, akawa kwenye ile timu ya Yale ya 1888 iliyoshinda mechi zote 13 na kufunga pointi 698 bila kufungwa hata moja, sio typo hiyo, sita tisa nane kwa sifuri. Mwaka uliofuata, 1889, ilipotangazwa kwa mara ya kwanza timu ya wachezaji bora wa vyuo vyote Marekani, jina lake lilikuwemo kama mchezaji wa pembeni. Na ni hapohapo Yale alipochukua godoro akalikunja akalining'iniza ili wachezaji wajifunze kukaba bila kuumizana, na lile gunia la mazoezi unaloliona leo kila kambi ya futiboli mwanzo wake ndo lile godoro.

Uchungaji ukamfia mikononi. Aligundua hana mdomo wa mimbari, akisimama mbele za watu maneno hayaji, na kwa mhubiri hiyo ni kama dereva asiyeona. Basi 1890 akahamia Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, kile chama cha vijana wa Kikristo, cha kufundishia walimu wa michezo, na pale kukawa na Mkanada mmoja anaitwa James Naismith. Stagg akaunda timu ya futiboli akamweka Naismith katikati ya mstari, pale pa kupigana vikumbo. Naismith alikuja kusimulia kwamba alimuuliza mbona mimi hapa, akajibiwa kuwa yeye ana uwezo wa kufanya mambo ya kikatili kuliko wote kwa adabu kuliko wote.

Huyu Naismith Desemba 1891 akabuni mpira wa kikapu, vile vikapu vya kubebea matunda vimetundikwa ukutani. Tarehe 11 Machi 1892 wakacheza mechi ya kwanza mbele ya watu, walimu dhidi ya wanafunzi. Jaribu kuiona hiyo picha, walimu wazima wenye masharubu wanafukuzia mpira kwenye ukumbi wa ndani, na Stagg katikati yao anacheza kama bado yuko kwenye futiboli, anasukuma watu. Wanafunzi wakashinda 5 kwa 1. Hiyo 1 aliitia Stagg. Yaani mtu kaja kuwekwa kwenye jumba la heshima la kikapu mwaka 1959, kundi la kwanza kabisa, na mchezo wenyewe hata haukua kazi yake.

Sasa tuje kwenye barua.

William Rainey Harper alikua profesa wa Agano la Kale pale Yale na Stagg alikaa darasani kwake. Tajiri Rockefeller akatoa hela kianzishwe chuo kikuu kipya Chicago, Harper akapewa urais wa chuo. Chuo kipya, majengo hayajakauka rangi, hakuna aliyemaliza pale, hakuna jina. Harper hakua mtu wa kusubiri miaka 100 chuo kijulikane, alitaka kijulikane kesho, na aliona kwamba timu ikienda kuwachapa wenzao magazeti yataandika jina la chuo bila kulipwa. Kwahiyo akamwita mwanafunzi wake wa zamani wale chakula cha asubuhi.

Jinsi Stagg mwenyewe alivyokuja kusimulia, Harper alimweleza mpango wa idara ya michezo halafu akataja dola 1,500 kwa mwaka. Stagg akanyamaza. Sio kwamba alikua anabana, wazo lilikua jipya kabisa kwake, alikua anafikiria. Harper akadhani dau dogo, akapandisha, 2,000. Jamaa bado kimya. Harper akamaliza kabisa, nakupa 2,500 na uprofesa mshiriki, ambao maana yake ni ajira ya maisha. Nimecheka sana niliposoma hii mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyeshindwa uchungaji kwa kukosa maneno ndo huyohuyo kukosa maneno kumempa mkataba bora kuliko wa kocha yeyote Marekani nzima. Akaja kukubali kwa maandishi, akieleza kwamba ameomba na ameona hii ndo njia yake ya kumtumikia Mungu. Mimbari akabadilisha na kiwanja.

Hapa nisimame kidogo maana ndo moyo wa kisa. Wakati ule kocha hakua mtu wa chuo. Timu ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe, nahodha ndo mwenye sauti, kocha ni mchezaji wa zamani anayekuja wiki chache za msimu analipwa au analishwa chakula anaondoka. Stagg ndo wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya wahadhiri akiwa na cheo na ajira isiyoguswa. Mimi nilifundisha sekondari miaka minne na nilipewa michezo kama nyongeza juu ya vipindi 24 kwa wiki, mpira wa shule ulikua unalala stoo na mifuko ya saruji na ufunguo anao mtu ambaye saa kumi jioni keshaondoka. Kwahiyo nikisoma kwamba mwaka 1892 kulikua na mwalimu wa michezo anakaa kikao kimoja na maprofesa wa Kigiriki, na idara yake inaripoti moja kwa moja kwa rais wa chuo, naomba mnielewe nikikodoa macho.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1892 na Stagg akaanza kutafuta wachezaji siku hizohizo, waliojitokeza hawakutosha, akavaa mwenyewe akaingia uwanjani. Kocha, profesa na mchezaji, mtu mmoja. Miaka minne mbele, siku ya sikukuu ya Shukrani 1896, Chicago wakacheza na Michigan ndani ya jumba, chini ya paa na taa za umeme, wakashinda 7 kwa 6. Mwaka huohuo vyuo vya magharibi vikaunda umoja wao wa michezo ambao leo ndo Big Ten. Mfanyabiashara Marshall Field akatoa ardhi ya uwanja, ukaitwa jina lake, baadaye ukaja kubadilishwa ukaitwa Stagg Field naye Stagg bado yupo anafundisha. Wangapi wamefundisha kwenye uwanja wenye jina lao wakiwa hai?

Nyumbani alimuoa Stella Robertson, mwanafunzi wa palepale Chicago, mwaka 1894, na huyu mama tusimpite juujuu. Alikua anaenda kukaa jukwaani kwenye mechi za wapinzani na karatasi na penseli, anachora wanavyojipanga, anamletea mumewe. Leo kazi hiyo ina watu kumi na kompyuta.

Na tabia ya mzee, hanywi, havuti, hatukani. Ila wachezaji wake walijua kiwango cha hasira zake kwa kipimo cha punda, ukikosea anakuita punda, ukikosea zaidi ni punda mara mbili.

Kilele ni tarehe 30 Novemba 1905. Michigan walikua hawajafungwa tangu 1901, mechi 56, na msimu ule wenyewe walikua wamefunga pointi 495 na hawajaruhusu hata moja. Watu kama elfu 27 wamejaa, baridi kali. Mechi haina goli, ni kupigiana mpira tu huku na huku, na Chicago walikua na kijana Walter Eckersall ambaye mguu wake ulikua silaha. Kipindi cha pili Eckersall akapiga mpira mrefu ukaenda kutua nyuma ya mstari wa goli wa Michigan. Denny Clark wa Michigan akaudaka. Hapo angeweza kuuweka chini tu maisha yaendelee, lakini akaamua kutoka nao mbio, akavuka mstari kidogo, akagongwa na kurudishwa nyuma ya mstari wake mwenyewe akalazwa chini, Mark Catlin nahodha wa Chicago akiwa mmoja wa waliomshukia. Sheria inasema ukilazwa na mpira nyuma ya mstari wako wapinzani wanachukua pointi 2. Ikaisha 2 kwa 0. Mechi 56 zimekufa kwa pointi mbili, na kijana wa watu lawama zote zikamwangukia yeye.

Sasa ushabiki tuuweke pembeni. Mwezi uleule wa Novemba 1905 jarida la Collier's lilianza kutoa mfululizo wa habari kuhusu vyuo vinavyonunua ushindi, na chuo cha kwanza kuanikwa kilikua Chicago. Eckersall mwenyewe alikua ameingia chuo bila masomo yanayotakiwa kutimia, na muda wake wa kucheza ulipoisha hakumaliza shahada, akawa mwandishi wa michezo na refa. Na hapa ndo nagombana na wanaomchora Stagg kama malaika. Yeye binafsi alikua msafi, alikataa hela za besiboli, aliimba wimbo wa michezo ya ridhaa maisha yake yote. Lakini idara yake ilikua serikali ndani ya serikali, viingilio vinapita kwake, bosi wake ni Harper tu na Harper anataka ushindi. Kuanzia 1902 akawa anaalika mashindano ya riadha ya shule za sekondari za nchi nzima yafanyike uwanjani kwake, na 1917 mpaka 1930 na ya kikapu pia, na sihitaji kukuambia vijana wenye vipaji wakishazungushwa kwenye majengo na kulishwa wanakua wanafikiria kusoma chuo gani. Uprofesa ambao ulitakiwa uulete mchezo ndani ya nidhamu ya chuo, kwa upande mwingine ndo uliufungulia mchezo mlango wa chuo ukaingia na viatu vyake vya matope. Sisemi alikusudia.

Upande wa sheria pale alifanya kazi ya kweli. Mwaka 1905 vijana walikua wanakufa kwenye huu mchezo kiasi kwamba Rais Roosevelt aliwaita Ikulu wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton, na Stagg akiwa kwenye kamati ya sheria alishiriki yale mabadiliko ya 1906 yaliyoruhusu kurusha mpira mbele. Mengine anayotajiwa kuyabuni au kuyaanza mapema, namba mgongoni, mchezaji kukimbia kabla mpira haujaanza, ile duara ya kunong'onezana, baadhi yana wadai wengine na ugomvi wake hauishi, tuendelee.

Harper alifariki Januari 1906. Stagg akabaki na barua yake. Ubingwa wa umoja wao aliuchukua mara saba jumla, wa mwisho 1924, na baada ya hapo timu ikaanza kuchoka, vyuo vya serikali vilivyowazunguka vinakua vikubwa vinachukua vijana wote, Chicago wao wanabana masomo. Kocha mwingine yeyote angetimuliwa 1927. Yeye ni profesa, utamtimuaje?

Mwaka 1929 akaingia rais mpya, Robert Maynard Hutchins, kijana wa miaka 30, msomi haswa, ambaye kwake michezo ya kujaza majukwaa haina kazi chuoni. Wala hakuhitaji kumfukuza mtu. Chuo kilikua na utaratibu wa wafanyakazi kustaafu, mwisho miaka 70, na Agosti 1932 Stagg akatimiza. Basi. Kama wewe ni mtumishi kama watumishi wengine, umri wako umefika kama wa watumishi wengine. Wakampa cheo cha kukaa ofisini, kitu cha heshima, mzee akakikataa kwa sababu aliona ni kuwekwa kabatini na yeye alitaka kufundisha.

Nimewaza sana nani alikua na haki hapa. Naona Hutchins alikua sahihi kwa karatasi. Huwezi kula matunda ya kuwa mhadhiri miaka 40 halafu siku ya sheria ya wahadhiri kukugusa useme mimi ni kocha. Lakini ukitizama matokeo ya 1925 kwenda mbele unaona pia kwamba umri ulikua kisingizio kizuri, hakuna aliyelazimika kusema neno "umeshindwa".

Akapanda treni kwenda Stockton, California, chuo kidogo cha Pacific, akafundisha 1933 mpaka 1946. Mwaka 1943 akiwa na miaka 81 makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka, ingawa tusisahau vita ilikua imemletea wachezaji, jeshi la majini lilikua linawasomesha vijana wake pale na baadhi walikua wachezaji wa vyuo vingine. Pacific nao wakataka kumpandisha cheo cha ushauri, mzee akasoma mchezo, huu nimeshauona Chicago, akabeba mizigo akaenda Pennsylvania kusaidiana na mwanae kwenye chuo cha Susquehanna, 1947 mpaka 1952, na 1951 wakamaliza msimu bila kufungwa. Mkewe alipoanza kuumwa akabaki naye Stockton, na palepale, chuo cha miaka miwili cha mtaani kwake, akawa anafundisha vijana kupiga mpira kwa mguu mpaka ana miaka 96. Alifariki tarehe 17 Machi 1965, miaka 102. Hesabu yake ya ushindi iliyokua inatumika, 314, haikupitwa mpaka 1981 na Bear Bryant wa Alabama.

Chicago nao baada ya yeye kuondoka walikua na Jay Berwanger, mchezaji wa kwanza kabisa kupewa ile tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo mwaka 1935, ila mtu mmoja sio timu. 1939 Michigan wakawapiga 85 kwa 0 na Desemba ile chuo kikafuta futiboli. Majukwaa yakabaki matupu, na tarehe 2 Desemba 1942 chini ya jukwaa la magharibi, kwenye vyumba vya kuchezea skwoshi, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakawasha mtambo wa kwanza wa nyuklia duniani. Kama timu ingekuwepo sijui wangepata wapi nafasi.

Kuna mechi moja nimeiruka makusudi. Novemba 1938, Stagg ana miaka 76, akawaleta vijana wake wa Pacific kutoka California yote mpaka Chicago kucheza na chuo kilichomwambia umri umefika. Wale waliokua wanacheza upande wa pili wengi walikua hawajawahi kufundishwa naye hata siku moja. Pacific 32, Chicago 0, na uwanja wenyewe bado ulikua na jina lake.